Tenganisha Wi-Fi ya Wateja na Kompyuta ya Malipo

Umeweka Wi-Fi ya bure kwenye mkahawa wako ili wateja wakae, waagize chai ya pili. Vizuri. Sasa hebu fuata kebo ya hiyo Wi-Fi uone inaishia wapi. Mara nyingi utaikuta imechomekwa kwenye kisanduku chini ya kaunta, pamoja na kompyuta ya mauzo, mashine ya kadi na kamera za usalama. Kisanduku hicho ndicho swichi, na ile ya kawaida haiulizi swali: chochote kilichochomekwa hapo kinaweza kubisha hodi kwa kingine.

Utasema, mimi napokea pesa kwa simu, hayo yananihusu nini? Ni kweli, mteja akilipa kupitia menyu ya laini yake, PIN yake haipiti kwenye swichi yako. Lakini kompyuta unayofungulia akaunti ya biashara, unayotumia kupakua taarifa za malipo zenye majina ya wateja, iko hapo hapo. Na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data hiyo ni jukumu lako.

Kwa maoni yangu, biashara yenye Wi-Fi ya wateja na kompyuta ya malipo inunue swichi ya kusimamiwa, yaani ile ambayo fundi anaweza kuingia ndani yake na kuipa amri. Kisanduku kimoja kinagawanywa kuwa mitandao kadhaa, mafundi wanaiita VLAN: wageni huku, malipo kule, kamera nazo kivyake. Kwenye ruta pia awekwe mlinzi, wageni waende intaneti tu, la sivyo mitandao itakutana tena huko.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2013 maduka ya Target, Marekani, yaliibiwa data ya kadi kama milioni 40. Wezi walianza na nenosiri la kampuni iliyohudumia viyoyozi na majokofu, wakapenya hadi kwenye mashine za malipo.

Kuna faida nyingine ambayo hata asiyeogopa wezi ataipenda. Mhudumu akiona kebo inaning'inia na kuichomeka ncha zote mbili kwenye swichi ya kawaida, mtandao mzima unaweza kulala, na foleni ya jioni iko kwenye kaunta. Ya kusimamiwa, ikipangwa vizuri, inaufunga huo mlango wenye shida na kazi inaendelea.

Shida ni kwamba watu hununua kisanduku cha bei, wanakichomeka, basi. Nenosiri bado ni lile la kiwandani, VLAN hakuna hata moja. Hapo umenunua swichi ya kawaida kwa bei ghali. Heri usinunue kama huna pesa ya siku moja ya fundi. Na mwenye kibanda anayeuza kwa simu moja na laini moja asisumbuke kabisa.

Fundi akimaliza, mwombe nenosiri jipya na nakala ya mipangilio. Kisha chukua simu yako, ingia Wi-Fi ya wageni, ujaribu kufungua ukurasa wa kamera. Ukifunguka, usimlipe bado.