Siri ya Nyumba Si Mali ya Mtafiti

Kati ya mwaka 1954 na 1959, Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, Tanga, iliendesha mradi mkubwa katika Upare na Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Nyumba za wananchi zilipulizwa dawa ya dieldrin, na damu yao ikapimwa. Malaria ilipungua sana, hilo hatulikanushi. Lakini upulizaji uliposimama maradhi yalirejea polepole, na wataalamu wakaendelea kuja kupima kasi ya kurejea kwake. Watu wenye nyumba zao walibaki na mbu.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu watafiti wangali wakipanda milima ya Same, na siku hizi hawatafuti mbu tu. Wanauliza habari za ndoa, uzazi na ugomvi wa mume na mke. Kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ni cha lazima na ni chema. Hata hivyo kibali humfikisha mtafiti mlangoni tu. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kumkubalia mume, wala mume hawezi kumkubalia mkewe. Nyumba moja ina watu wengi, na kila mmoja ana haki ya kukataa, pasipo kuulizwa sababu.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ukatili majumbani, uliofanywa Dar es Salaam na Mbeya miaka ya 2001 na 2002, ulimhoji mwanamke mmoja tu katika kila nyumba, tena faraghani, ili jibu lake lisije likamrudia kwa fimbo. Huo ndio mwendo tunaoutaka.

Liko na jambo la majina. Kulificha jina hakutoshi. Ukiandika "mke mdogo wa mkulima wa tangawizi, aliyerudi kutoka Moshi", kijiji kizima cha Mamba kimekwisha kumjua. Ndugu zetu wa Makunduchi na Micheweni hawahitaji kuelezwa hayo.

Kwa hiyo maofisa wanaopokea barua za watafiti, Same na Visiwani, wasiishie kutazama mihuri. Wamwulize mgeni: mume na mke watahojiwa mbalimbali? Kanda za sauti atazitunza nani? Mtoto akisema anapigwa, utamwambia nani? Na matokeo yatasomwa lini mbele ya wanakijiji, kwa lugha wanayoielewa?