Nati Iliyokataa Kufunguka

Hakuna chombo cha safari kilichoenea katika vijiji vyetu siku hizi kama pikipiki. Mkulima huitumia kupeleka maziwa asubuhi, karani huitumia kwenda kazini, na vijana wengi hupata riziki yao kwa kubeba abiria. Kwa sababu hiyo watu wengi wamejifunza kufanya kazi ndogo ndogo za ufundi nyumbani, kama vile kubadili mafuta, kusafisha plagi, kukaza mnyororo na kutia viatu vipya vya breki. Jambo hili ni jema, maana huokoa fedha na wakati. Lakini kazi hizo zote zina mlango mmoja, nao ni nati na bolti. Nati ikikataa kufunguka, kazi yote imesimama. Na mwenyewe akiilazimisha kwa hasira, bolti hukatika, na kazi ya robo saa huwa kazi ya siku tatu, na maziwa hayafiki mahali pake.

Yatupasa kwanza kujua kwa nini nati hukataa. Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hujaza hesi, yaani ile mistari inayozunguka bolti, na kubana kama kabari. Ya pili ni kukutana kwa madini mawili tofauti. Injini ya pikipiki hutengenezwa kwa alumini, na bolti zake ni za chuma. Maji yakiingia kati yao, na hasa maji yenye chumvi kama yalivyo kwa ndugu zetu wa pwani, alumini huliwa na kutoa unga mweupe unaoshika bolti kwa nguvu sana. Ya tatu ni mkono wa mtu aliyekaza kupita kiasi. Bolti ya milimita 6, kama zile za vifuniko vya injini, hutaka kukazwa kwa newton-mita 10 hivi tu. Kipimo hicho ni sawa na uzito wa kilo 4 ulioning'inizwa mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 25. Mtu mwenye mikono ya jembe hupita kipimo hicho bila hata kuhisi.

Sasa tuje kwenye dawa. Dawa hizi zina utaratibu wake, na afadhali mtu asiruke hata moja.

Kwanza, safisha. Chukua brashi ya waya uondoe matope na kutu ya juu, kwa sababu mafuta hayapenyi penye udongo. Ikiwa ni plagi, ondoa vumbi lililoizunguka kabla ya kuilegeza, lisije likaanguka ndani ya silinda. Tena ngoja injini ipoe, maana hesi za alumini zikiwa moto huharibika upesi.

Pili, tia mafuta, kisha ngoja. Mafuta ya kupenya huuzwa katika makopo madukani. Asiyeyapata aweza kuchanganya mafuta taa na mafuta kidogo ya injini. Nguvu yake ni ndogo, lakini akiyapa muda hufanya kazi. Tia jioni, gonga nati kidogo kwa nyundo ili mafuta yashuke, kisha rudia asubuhi. Nati za bomba la moshi, zile zilizo karibu na silinda, ndizo ngumu kuliko zote kwa sababu hupata moto na baridi kila siku. Hizo zipe siku mbili au tatu. Angalia sana mafuta yasifike kwenye viatu vya breki, maana breki yenye mafuta haishiki, na hatari yake ni kubwa kuliko hasara yoyote ya nati.

Tatu, tumia spana iliyo sawa. Spana ya mdomo wazi hushika pembe mbili tu za nati, bali soketi ya pembe sita hushika nati yote. Pikipiki nyingi tulizo nazo, zitokazo India, Uchina na Japani, hutumia vipimo vya milimita, kama 8, 10, 12, 14 na 17. Lakini mwenye pikipiki ya zamani ya Kiingereza akumbuke kwamba nyingi zilifuata vipimo vilivyoanzishwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana ya milimita huweza kuingia karibu sawa, na hilo "karibu sawa" ndilo linalokula pembe za nati. Kadhalika skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani, hasa za zamani, zilifuata kipimo cha kwao kiitwacho JIS, na mara nyingi huwa na nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya Kimarekani huelekea kupanda juu na kuuharibu msalaba. Tafuta bisibisi yake, uisukume kwa nguvu ndani kabla ya kuzungusha.

Nne, hakikisha upande wa kuzungusha. Nati nyingi hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa, lakini ziko zinazofunguliwa kwa kuzungushwa upande ule ule wa saa, kama pedali ya kushoto ya baiskeli na kioo cha kulia cha pikipiki nyingi za Yamaha. Wako watu wanaotoa jasho saa nzima wakidhani wanafungua, kumbe wanakaza.

Tano, tumia mshtuko kabla ya kutumia nguvu. Gonga kichwa cha bolti mara kadhaa kwa nyundo ya kiasi. Kisha jaribu kukaza kidogo sana kabla ya kufungua, kwa sababu mwendo huo mdogo huvunja kutu. Ikilegea robo ya mzunguko, irudishe, tia mafuta tena, kisha uifungue zaidi kidogo. Kwa skrubu ngumu iko bisibisi ya kugongwa, ambayo huzunguka yenyewe kidogo kila igongwapo. Usitie bomba refu kwenye mpini wa spana kwa bolti ndogo. Na nati ya ekseli ilegeze pikipiki ingali imesimama juu ya magurudumu yake, baada ya kutoa pini yake. Ukiiinua kwanza, waweza kuiangusha.

Sita, ni moto. Alumini ikipashwa moto hupanuka mara mbili hivi kuliko chuma, ndiyo maana bolti iliyoshikwa na injini huachiliwa. Maji ya birika yaliyochemka, yakimiminwa juu ya kifuniko, mara nyingi yatosha. Lakini moto wa miali usiutumie kamwe karibu na tangi, kabureta, au mahali ulipotia mafuta taa. Mvuke wa petroli hauonekani kwa macho, nao huwaka kwa cheche moja. Kazi ya namna hiyo mpelekee fundi.

Iko alama moja ambayo kila mwenye spana anapaswa kuijua. Nati inayofunguka hutoa mlio, kisha huenda kwa ugumu ule ule. Bolti inayotaka kukatika huwa laini mkononi, kama mua unaosokotwa. Ukihisi ulaini huo, acha mara moja. Irudishe, tia mafuta, uende ukapalilie shamba. Pembe zikiwa zimekwisha kuliwa, zichonge kwa tupa hata spana ndogo iingie. Na ikiwa bolti imekatika ndani ya injini, usiitoboe kwa keekee ya kuazima, kwa sababu keekee huikimbia chuma na kuila alumini. Fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuunganisha chuma aweza kuunga nati mpya juu ya kipande kilichobaki na kukizungusha nje. Lakini kabla hajaanza, toa tangi na ufungue nyaya za betri.

Wakati wa kurudisha vitu, safisha hesi, paka grisi kidogo, na anza kila bolti kwa vidole, siyo kwa spana. Hesi yenye grisi hukazika zaidi kwa nguvu ile ile, basi punguza mkono. Kwa bomba la moshi iko grisi ya shaba inayostahimili joto. Nati iliyoharibika usiirudishe, na pini ya ekseli iwe mpya kila mara.

Basi, ndugu wasomaji, anayetaka kufungua nati Jumamosi, na aitie mafuta Alhamisi. Kopo la mafuta na siku mbili za kungoja ni gharama ndogo, lakini injini iliyotobolewa vibaya huweza kumla mtu fedha za mavuno. Wazee wetu walisema kwamba mvumilivu hula mbivu, na neno hilo lafaa kwa mwenye spana kama lifaavyo kwa mwenye shamba.