Aiskrimu iliyeyuka, aliyechomwa ni shosho wa watu

Ukidhani wasee hukosana mtandaoni kwa sababu ya siasa na mpira pekee, hujasikia habari ya keki moja iliyotupwa kwenye pipa la taka huko Uingereza mwezi Agosti 2014. Keki moja tu. BBC ilipokea malalamishi zaidi ya 800, na hayo ni malalamishi rasmi, si zile komenti za kurushwa saa nane usiku. Watu wazima walikaa chini, wakaandika, wakatuma. Mshtakiwa alikuwa shosho wa miaka 69 aliyedaiwa kuhujumu aiskrimu ya mwenzake.

Kipindi chenyewe ni The Great British Bake Off. Hata kama hujawahi kukaa ukakitazama mwanzo hadi mwisho, huenda umeshakutana na vipande vyake kwenye simu: hema jeupe kwenye nyasi, watu waliopakwa unga mpaka kwenye nyusi, na jaji mwenye macho ya samawati akikata keki kimya kimya huku aliyeoka akikaribia kuzimia. Kilianza mwaka 2010. Wanaochaguliwa si wapishi wa hoteli. Ni watu wa kawaida wanaooka kwao nyumbani, mwanafunzi, mwalimu, mhandisi, mama wa watoto. Wanarekodi wikendi, siku mbili kwa kila kipindi, kisha wanarudi kwenye shughuli zao. Kila wiki kuna mitihani mitatu. Ule wa pili ndio mtamu kuliko yote, kwa sababu hawaambiwi mapema wataoka nini, na maelekezo wanayopewa yamenyofolewa nusu. Kila wiki kuna anayefunga virago.

Na anayeshinda baada ya wiki zote hizo? Anapewa maua na stendi ya keki. Soma tena hapo. Hakuna hata pauni moja. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa ile keki. Waliambiwa watengeneze Baked Alaska, yaani keki chini, aiskrimu katikati, na juu povu zito la mayai na sukari linalochomwa kidogo kwa moto. Ukisikia mara ya kwanza unadhani ni utani, lakini povu lile limejaa hewa, na hewa haipitishi joto haraka, kwa hivyo aiskrimu iliyoganda vizuri inabaki ngumu ndani. Shida ni kwamba lazima iwe imeganda vizuri, na hapo ni ndani ya hema lenye oveni zinazowaka kila upande. Diana Beard, huyo shosho, alitoa aiskrimu ya Iain Watters kwenye friza. Iain akaikuta imelegea. Hasira zikampanda, akatupa kila kitu kwenye pipa la taka, akatoka nje. Ulipofika wakati wa kuonja, akawapelekea majaji pipa. Pipa, manze. Majaji hawakuwa na cha kuonja, Iain akaenda nyumbani.

Usiku huohuo Uingereza iliwaka. Diana akawa mchawi, mwizi, mama wa kambo wa hadithi. Sue Perkins, mmoja wa watangazaji wa kipindi, alilazimika kuandika Twitter kwamba aiskrimu ile ilikaa nje kwa sekunde 40 tu. Nani alitaka kusikia sekunde 40 wakati ameshapata adui? Wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba Diana amejiondoa kwa sababu ya ugonjwa, na wengi wakajipigia makofi kwamba wamemtimua. Kumbe vipindi vilikuwa vimerekodiwa miezi kadhaa nyuma. Yule mama alikuwa ameugua na kuondoka kabla hata mtazamaji wa kwanza hajawasha runinga yake. Wao walikuwa wanapigana na kanda.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hili ni jambo ambalo wewe na mimi tunalisahau kila siku tukiwa na simu mkononi. Ukitazama kipindi kama hiki unahisi umekaa mle hemani. Umeona kwa macho yako. Lakini ulichoona ni siku mbili, waokaji kadhaa na kamera kila pembe, vyote vimekatwakatwa mpaka vikaenea kwenye saa moja. Kuna mtu kwenye chumba cha kuhariri aliyeamua picha ipi ifuate ipi, na ipi isionekane kabisa. Kama sekunde 40 zinaweza kuonekana kama njama, basi anayestahili kuulizwa swali ni mwenye mkasi. Diana mwenyewe alilalamika baadaye kuhusu jinsi picha zilivyokatwa. Ila mwenye mkasi hana sura. Diana ana sura, ana miwani, ana umri wa nyanya yako, na jina lake limeandikwa pale chini ya skrini. Kati ya hao wawili, unadhani ni nani atatukanwa?

Haikuanza naye. Mwaka uliotangulia, 2013, walifika fainali wanawake watatu. Mmoja wao alikuwa Ruby Tandoh, mwanafunzi wa falsafa aliyekuwa na umri mdogo kuliko wengi wetu tunaosoma ukurasa huu. Watazamaji wakaamua kwamba amefika pale kwa uzuri wake, kwamba anamchezea jaji Paul Hollywood kwa macho, kwamba anajililia makusudi ili ahurumiwe. Ruby hakunyamaza. Aliandika kwenye gazeti la Guardian akishangaa jinsi kipindi cha kuoka keki kilivyowatoa watu chuki ya wanawake waliyokuwa wameifungia kabatini. Na ukichunguza utaona ukweli wake, maana wanaume waliolia katika hema lilelile walikumbatiwa na taifa zima.

Halafu ukaja mwaka 2015 na Nadiya Hussain. Huyu hata wewe usiyejali mambo ya keki huenda umemwona: mzaliwa wa Luton, wazazi kutoka Bangladesh, mama wa watoto watatu, hijabu kichwani na uso ambao hauwezi kuficha kitu. Alipojua amefaulu ulijua, alipojua ameharibu ulijua kabla yake. Zaidi ya watu milioni 13 walitazama fainali usiku ule aliposhinda, na mwaka uliofuata akaoka keki ya Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 90. Watu wengi hupenda kuisimulia hadithi hii hapo tu, kama ushahidi kwamba keki huunganisha watu. Mimi nakataa kuikata hapo. Kabla ya ushindi huo, mwandishi mmoja wa gazeti kubwa la Uingereza alikuwa ameandika kwamba mshindani mwingine, mzungu, pengine angefaulu kama angeoka msikiti wa chokoleti. Fikiria uzito wa hiyo kauli. Mtu anapika kwa mikono yake, anaonjwa na majaji, anapita wiki baada ya wiki, na bado kuna mtazamaji anayesema amebebwa kwa sababu ya kitambaa.

Tukirudi kwa pesa. Mwaka 2016 kampuni inayotengeneza kipindi, Love Productions, iliachana na BBC ikakipeleka Channel 4. Bei? Pauni milioni 75 kwa miaka mitatu. Jaji Mary Berry pamoja na watangazaji wawili, Mel Giedroyc na Sue Perkins, walikataa kuhama. Paul Hollywood akahama. Kwa hivyo wakati watazamaji walipokuwa wanahesabu sekunde za aiskrimu na machozi ya mwanafunzi, kuna watu waliokuwa wanahesabu kitu kingine. Kila ugomvi wa mtandaoni ulikuwa tangazo la bure. Sisemi kwamba walipanga Diana atukanwe, sina ushahidi wa hilo. Nasema kelele zile zilikuwa na thamani, na hakuna hata senti yake iliyomfikia aliyepigiwa kelele. Yeye alipata aibu, na kama angeshinda angepata stendi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtazamaji anyamaze ale popkoni zake. Oktoba 2022 kipindi kilitangaza wiki ya Mexico. Watangazaji Noel Fielding na Matt Lucas wakaingia wamevaa zile kofia pana za Mexico, wakitaniana. Waokaji wakaambiwa watengeneze tako, chakula ambacho hata ukikiangalia kwa jicho moja si keki. Mmoja akamenya avokado kama anamenya kiazi, kitu ambacho Mkenya yeyote aliyewahi kula githeri na avokado hawezi kukitazama bila kushika kichwa. Miaka miwili nyuma walikuwa wamefanya wiki ya Japani kwa mtindo huohuo na kulaumiwa vilevile. Jiulize tu ingekuwa wiki ya Pwani yetu. Mahamri yangeitwa donati, iliki ingeachwa, tui lingebadilishwa na maziwa ya pakiti, halafu mtangazaji aingie amejifunga kikoi akifanya mzaha. Mombasa pangelalika kweli?

Watu walichemka, wakiwemo wenye asili ya Mexico, lakini safari hii lawama kubwa haikumlenga yule wa avokado. Alichekwa, ndiyo, na picha zake zikazunguka. Swali lililorudiwa ni nani aliyekaa ofisini akaidhinisha kofia zile, na kwa nini hakumwita hata mtu mmoja anayekijua chakula hicho. Lawama ikapanda ngazi. Msimu wa 2023 ukaja bila wiki za mataifa. Kwangu mimi hilo ni suluhisho la mvivu, maana wangeweza kuleta mwokaji wa Mexico akae mezani na majaji badala ya kufuta nchi nzima kwenye ratiba. Lakini walisikia. Wale waliomtukana Diana walibadilisha nini? Hakuna.

Tofauti hiyo si ya Uingereza peke yake. Hapa kwetu hatuhitaji hema wala majaji, tuna picha mbili zilizowekwa pamoja, nilichoagiza na nilicholetewa. Tunazipenda, na nyingine kweli zinavunja mbavu. Namjua dada mmoja wa mtaani, anaokea kwenye oveni ya gesi katika chumba ambacho kitanda na jiko vinasalimiana. Wateja wake wote wanatoka kwenye stetasi ya WhatsApp. Keki yake ya ghorofa mbili ilipakiwa kwenye bodaboda kwenda sherehe ya kuhitimu, ikafika imelala ubavu. Mteja alikuwa na haki ya kukasirika, alilipa. Akapiga picha, akaweka jina la dada na namba yake ya simu. Ile picha ilionyesha keki. Haikuonyesha barabara yenye matuta, wala kwamba mteja ndiye aliyemtuma mwenye boda ili kuokoa nauli ya teksi. Kufikia jioni, wasee ambao hawajawahi kuonja hata kipande chake walikuwa wanamwandikia kuhusu sura yake. Oda tatu za wikendi hiyo zilifutwa. Stendi hata hakupata.

Na ukiangalia vizuri, hakuna aliyewauliza swali hata moja wale wanaopata kitu picha kama hizo zikivuma. Akaunti kubwa iliyoichukua picha ile na kuisambaza ilivuna wafuasi. Mtandao ukauza matangazo katikati ya matusi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinitegemee kwa nadharia, lakini hesabu hii haihitaji digrii: angalia nani analipwa ukikasirika, kisha uangalie nani unamkasirikia. Mara nyingi si mtu yuleyule.

Utaniambia anayekubali kuingia kwenye runinga, au kuuza keki mtandaoni, amekubali na maneno yake. Nakubali nusu. Keki ikiwa mbichi katikati, sema ni mbichi katikati. Paul Hollywood amefanya kazi hiyo miaka yote na waokaji hawafi. Ila yeye huonja kwanza, na akimaliza kuisema keki anahamia meza nyingine.

Kuna kisa kingine cha hema hilo ambacho hakizungumzwi sana siku hizi. Mwaka 2017, msimu wa kwanza wa Channel 4, jaji mpya Prue Leith alikuwa safarini Bhutan. Akachanganya saa, akaandika Twitter kumpongeza mshindi, Sophie Faldo, saa kadhaa kabla fainali haijaonyeshwa Uingereza. Aliifuta haraka lakini ilikuwa imeshasambaa. Hilo halikuwa la kukisiwa kutoka kwenye picha zilizokatwa, lilikuwa kosa la kweli, mchana kweupe, lililowaharibia mamilioni ya watu uhondo wao. Watazamaji walimfokea, kisha wakamcheka, kisha wakamzoea. Msimu uliofuata alikuwa mezani kwake kama kawaida, miwani yake ya rangi machoni, akionja keki za watu.