MALI BILA DAFTARI

WAHENGA walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husikika zaidi dukani na katika vyama vya ushirika. Leo tunapenda kuielekeza mahali ambapo wengi hawaitarajii: Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye kilomita za mraba 3,245 za nyika kame, mpakani mwetu na Kenya.

Msafiri apitaye Same wakati wa kiangazi huitazama nyika ile na kusema kuwa ni jangwa tupu. Hata jina lake husimuliwa kuwa limetokana na Kipare, mko ni kijiko na mazi ni maji. Yaani mahali ambapo maji hayazidi kijiko. Lakini utupu huo ni wa macho yasiyozoea kutazama.

Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Idara ya Wanyamapori yetu pamoja na wenzao kutoka Uingereza waliichunguza nyika hiyo kwa makini. Walikusanya na kukausha mimea, wakatega wadudu, wakapuliza dawa kwenye vilele vya migunga na kuhesabu viumbe vilivyoanguka. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Aina za mimea zilizoorodheshwa zilizidi 1,000, na za ndege zilizidi 400. Humo wamo choroa na swala twiga, wanyama wa nchi kame wasioonekana katika hifadhi zetu nyingi.

Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini ilichelewa. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Kwa miaka mingi majangili waliwaua faru weusi hadi wakaisha, ikabidi kuanzia mwaka 1997 waletwe wengine kutoka Afrika Kusini kwa gharama kubwa. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakilisha humo waliondolewa, kwa hoja kwamba mifugo inaiharibu ardhi. Tusione haya kusema kwamba uamuzi huo mzito, uliogusa maisha ya wananchi wengi, ulitekelezwa kabla ya daftari kuandikwa. Mwenye hoja ya kuwaondoa na mwenye hoja ya kuwabakiza, wote walibishana juu ya mali ambayo hakuna aliyekuwa ameihesabu.

Hilo ndilo funzo. Hesabu ya viumbe si anasa ya wasomi wala burudani ya wageni. Ni msingi wa haki na wa uamuzi ulio sawa. Tangu mwaka 2008 Mkomazi imekuwa Hifadhi ya Taifa, na wajibu wetu umeongezeka.

Hakuna mwenye duka anayehesabu mali yake mara moja tu kisha akalifunga daftari. Nyika kame hubadilika upesi kuliko msitu. Majani ambayo wakati wa kiangazi ni mbegu tu mchangani, huchipua mvua ikinyesha. Tembo nao huvuka kwenda Tsavo na kurudi kufuata maji na malisho. Anayehesabu msimu mmoja huandika nusu ya ukweli, na anayehesabu upande mmoja wa mpaka huandika robo yake. Ndiyo maana hesabu ya tembo kwa ndege ya mwaka 2014, iliyojumlisha Tsavo na Mkomazi, ni mfano wa kufuatwa.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, uchunguzi urudiwe kwa vipindi maalumu, masika na kiangazi, na usiishie kwa wanyama wakubwa. Pili, vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wafundishwe kazi hiyo, na wazee Wapare, Wasambaa na Wamaasai waulizwe majina na matumizi ya mimea wanayoijua tangu utotoni. Tatu, matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa katika mikutano ya vijiji, badala ya kufungiwa katika maktaba za mbali.

Mwezi Septemba 1961, hapo Arusha, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa na dunia kwamba wanyamapori wetu ni amana. Mtunza amana asiyejua idadi ya alichokabidhiwa atajibu nini siku mwenyewe atakapokuja kukidai? Na wenyewe ni watoto wetu.