Udongo Hautoi Sumu, Wacheni Kutuuzia Uoga

Wacha nianze na kosa langu, ndio msiseme najifanya malaika. Mwaka jana nilirekodi vidio ya sekunde 40 nikiwa na udongo kichwani, nikasema unatoa sumu yote kwa nywele. Nililipwa. Hiyo pesa ililipa rent ya mwezi mmoja, na niliihitaji vibaya, juu tangu niache chuo mwaka wa pili hakuna mtu hunitumia chochote.

Wiki mbili baadaye msichana wa Form Four akaniandikia. Hakuwa na doo ya ile pakiti ya shilingi 950, kwa hivyo alienda akachimba udongo mfinyanzi kando ya mto karibu na kwao. Akapaka, akakaa nao masaa matatu hadi ukakauka kama ukuta wa nyumba ya matope, kisha akachana. Alinitumia picha ya kichana. Nywele zilizong'oka zilijaza kiganja. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Nilikosea wapi?"

Manze, hakukosea. Alifuata nilichosema. Mimi ndiye sikujua nilichokuwa nauza, na wenzangu wengi bado hawajui.

Tuanze na hiyo "sumu". Unywele uliotoka nje ya ngozi umekufa. Hauna damu, hauna sumu ya kutolewa. Kazi ya kusafisha sumu mwilini ni ya ini na figo. Kilicho kwa nywele zako ni mafuta, jasho, vumbi la stage na mabaki ya jeli ya wiki tatu. Huo ni uchafu wa kawaida. Lakini ukimwambia mtu ana uchafu, atatafuta sabuni. Ukimwambia ana sumu, ataogopa, na mwoga hulipa bei yoyote.

Na udongo unafanya kazi, sikatai. Wanawake wa Moroko wameosha nywele na ghassoul kwa karne nyingi, na jina lenyewe limetoka kwa Kiarabu cha kuosha, mzizi mmoja na ghusuli inayojulikana na kila Mwislamu. Bentonaiti nayo hutokana na majivu ya volkano yaliyobadilika kuwa udongo. Chembe zake ni bapa, zina chaji hasi, zikipata maji zinafura na kushika mafuta na vumbi. Ukisuuza, vyote vinaenda pamoja. Ni hayo tu. Ni njia ya kuosha.

Sasa sikizeni hii. Tunawaambia watu sabuni ya kipande inaharibu nywele juu pH yake iko karibu 9 au 10. Ni ukweli, ngozi ya kichwa hupenda asidi kidogo, karibu 5. Lakini bentonaiti yenyewe mara nyingi iko kati ya 8 na 10! Shosho na kipande chake tulimcheka, kisha tukalipa shilingi 950 kwa kitu chenye tatizo lile lile. Shampuu nyingi za duka zina pH ya chini kuliko huo udongo.

Halafu kuna hili neno "asili". Risasi ni asili. Iko ardhini, na inaweza kuwa ndani ya udongo. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasitumie unga mmoja wa bentonaiti uliopatikana na risasi nyingi. Ule ulikuwa kwa pakiti yenye jina. Je, ule unaopimiwa kwa karatasi isiyo na jina wala anwani? Je, ule wa mtoni, ambapo mifereji ya maji taka inamwagika?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Wengi wetu tulikatwa nywele miaka minne ya sekondari. Tumetoka na miaka 18 bila kujua nywele zetu zinataka nini, na mwalimu wa kwanza tunayekutana naye ana kitu cha kuuza. Tumeambiwa tangu utotoni nywele zetu ni ngumu. Leo tunaambiwa zina sumu. Wimbo ni ule ule, wamebadilisha tu beat.

Kwa hivyo, bure kabisa, hii ndiyo vidio ningefaa kufanya. Nunua unga uliotengenezwa kwa vipodozi, wenye lebo na anwani. Vijiko vinne vikubwa, maji vuguvugu hadi uwe mzito kama mtindi, na kijiko kimoja cha siki ya tufaha kupunguza hiyo pH. Kijiko cha chuma hakina shida, hiyo ni hadithi. Paka kwa nywele zilizolowa. Dakika 10, basi. USIACHE UKAUKE, ukianza kukauka nyunyizia maji. Suuza kwanza ndani ya beseni, umwage nje, juu udongo ukijikusanya kwa bomba la bafu mtajuana na keretaka. Weka kondishena ndio uchane. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kama una vidonda kichwani, usijaribu.

Na kama kwenu maji huja mara mbili kwa wiki na mtungi wa lita 20 unanunuliwa, wachana na udongo. Unakula maji mengi sana kutoka. Shampuu ya kawaida na kondishena itakufaa, na hujawasaliti mababu zako.

Najua kuna wasee watasema namwaga unga wao. Sisemi msiuze. Uzeni, lakini semeni ni sabuni ya udongo, semeni inakausha, semeni mlitoa wapi. Kama biashara yako haiwezi kubeba sentensi hizo tatu, hiyo si biashara ya nywele.

Ile vidio yangu nimeitoa. Yule dada nilimjibu kwamba kosa lilikuwa langu, nikamtumia pesa ya kondishena. Kampuni ilinipigia ikitaka tufanye sehemu ya pili. Niliwaomba karatasi ya maabara ya udongo wao. Bado nangoja.