Mnara wa Kaboya Usifundishwe kwa Kukariri

Somo la Historia hudhoofika pale mwalimu anapodhani kwamba kazi yake ni kujaza tarehe vichwani mwa watoto. Udhaifu huo hudhihirika linapofikiwa suala la Vita vya Kagera na mnara wa mashujaa uliopo Kaboya, wilayani Muleba. Mwanafunzi hukariri kwamba majeshi ya Idi Amin yalivamia mwezi Oktoba 1978, na kwamba Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Akiulizwa ni akina nani waliolala Kaboya, hunyamaza.

Waliopigana hawakuwa askari wa kudumu peke yao. Jeshi la Wananchi liliongezewa mgambo kwa maelfu, pamoja na polisi, askari Magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwanamgambo alikuwa raia, mkulima au mfanyakazi, aliyeacha shamba lake na watoto wake. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, unaonyesha askari mmoja wa shaba asiye na jina, naye anawakilisha maelfu waliotumikia vita vya wakoloni. Tukifundisha Kaboya kwa tarehe tupu, tutawafanya mashujaa wetu nao wasiwe na majina.

Yupo atakayesema kwamba kutoka Bugarama hadi Kaboya ni safari ndefu, kupitia Geita na Biharamulo, na shule haina nauli. Ni kweli. Lakini Bugarama ina utajiri mwingine. Dhahabu imewavuta watu wa mikoa mingi kuhamia huku, na miongoni mwa wazee wao wanaweza kupatikana waliokwenda vitani au waliobaki wakiwangojea ndugu zao. Hao ndio vitabu vyetu.

Basi mwalimu na afuate utaratibu. Kwanza, amwendee mzee peke yake, aombe ridhaa yake. Mzee akipenda kunyamaza, aheshimiwe, kwa maana kidonda cha vita hakifunuliwi kwa amri. Pili, atunge maswali pamoja na wanafunzi: Ulitoka kijiji gani? Ulisafiri kwa chombo gani? Nani alilima shamba lako? Tatu, darasa lilinganishe masimulizi na kitabu. Yakitofautiana, yote mawili yaandikwe na sababu zijadiliwe.

Aidha, mwalimu asipande chuki dhidi ya jirani. Wananchi wa Uganda waliokuwa uhamishoni walipigana upande mmoja na Watanzania. Tuliyepigana naye alikuwa Amin na utawala wake.

Kijana aliyekwenda vitani akiwa na miaka 20 sasa ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Mnara wa mawe utaendelea kusimama, lakini sauti za wazee hawa hazitangoja. Mwalimu anayeahirisha somo hili hadi mwaka ujao huenda akakuta kiti kitupu.