Wageni Wasioalikwa: Kiswahili na Programu Zinazoamka Pamoja na Tarakilishi

Imekuwa ada katika makongamano yetu ya Kiswahili kujadili iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Sidai kwamba mjadala huo hauna manufaa; istilahi ni haki ya lugha yoyote inayokua. Hata hivyo, wakati sisi tunabishana ukumbini, mwanafunzi yuyo huyo wa Kiswahili, katika chumba chake cha kupanga hapa Njoro, amekiwasha chombo chenyewe, akatoka kwenda kununua chapati kibandani, akarejea na kukikuta kingali kinahema. Makala haya yanahusu kinachotendeka katika dakika hizo. Aidha, yanadai kuwa jambo hilo linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili kuliko tunavyoelekea kukiri.

Tarakilishi inapowashwa, mfumo endeshi, ambao kwa wengi wetu ni Windows, hupakiwa kutoka kwenye diski hadi kwenye kumbukumbu ya muda. Mtumiaji akishaandika nywila yake, mfumo hauishii hapo. Huifungua orodha ya programu ambazo zimeandikishwa kuamka papo hapo, ukaziamsha bila kumuuliza mwenye chombo. Orodha hiyo imetawanyika: sehemu yake imo katika folda maalumu, na sehemu nyingine imo katika daftari la ndani la mfumo ambalo mtumiaji wa kawaida halioni asilani. Programu ya kupigia simu za video, ya kucheza muziki, ya kusasisha kichapishi ambacho pengine kiliuzwa mwaka juzi, zote hujiandikisha humo siku zinapowekwa. Aghalabu ruhusa yenyewe huombwa kwa kisanduku kidogo ambacho tayari kimetiwa alama ya tiki, na mtu mwenye haraka hubonyeza tu ili amalize. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa hukaa miaka na jembe lenyewe hawajaliona.

Gharama yake si ndogo. Kipakatalishi chenye kumbukumbu ya GB 4, kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, hujikuta kimegawa sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo kabla mwenyewe hajafungua hata ukurasa mmoja wa tasnifu yake. Chenye diski ya kuzunguka huteseka zaidi, maana kichwa cha kusomea hulazimika kurukaruka huku na huko kikihudumia programu kumi kwa wakati mmoja. Fauka ya hayo, kuna suala la data. Nyingi miongoni mwa programu hizi huamka ili zitafute masasisho mtandaoni. Mwanafunzi aliyenunua data ya siku moja ili amtumie msimamizi wake sura ya pili hupata sehemu ya data hiyo imekwisha kuliwa, na sura haijaondoka.

Kuna hasara nyingine ambayo naiona kuwa kubwa zaidi. Mwenzangu mmoja wa uzamili alikipeleka kipakatalishi chake kwa fundi mmoja mjini Nakuru kwa sababu kilikuwa kizito. Fundi akakitazama kwa dakika chache, akatamka kuwa dawa yake ni kukifomati. Kikafomatiwa. Rekodi za mahojiano na wazee wa Molo, kazi ya miezi minne, zikaenda na maji. Kikawa chepesi kwa majuma matatu hivi, kisha programu zilezile ziliporejeshwa, uzito nao ukarejea. Wazee wawili kati ya waliohojiwa wameshafariki. Hakuna aliyefikiria kuitazama ile orodha, na sidhani ni kwa uvivu wa fundi wala wa mteja. Wawili hao walizungumza Kiswahili tangu salamu hadi malipo, ilhali kiwambo kilichokuwa mbele yao kilisema Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata mwenye shahada ya Kiingereza hawezi kukielewa kwa kukisoma tu.

Wanaokumbuka saiba za miaka ya 2000 watatambua kuwa tatizo hili lina ndugu yake mkubwa. Enzi hizo flashi diski ikichomekwa, Windows iliweza kusoma faili ndogo iliyomo na kuiamsha programu yoyote iliyotajwa humo. Virusi vikapata mlango. Kirusi cha Conficker kilizuka Novemba 2008, na toleo lake lililofuata lilipita katika mlango huohuo. Mtu alikwenda kuchapisha insha akarudi nyumbani na maradhi. Microsoft iliufunga mlango wa flashi katika Windows 7 mnamo 2009, na mnamo Februari 2011 ikatoa sasisho la kuufunga katika matoleo ya awali. Lakini virusi vingi, vikishaingia, vilijiandikisha katika orodha ileile ninayoizungumzia ili viamke kila asubuhi pamoja na mwenye chombo. Kwa hivyo anayeizoea orodha yake hupunguza uzito, na pia anaweza kumtambua mgeni mwenye sura asiyoijua.

Basi itazamwe vipi? Katika Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha la msimamizi wa kazi litafunguka. Likifunguka likiwa dogo, bonyeza maandishi yaliyo chini yake yanayolipanua. Tafuta sehemu iliyoandikwa "Startup" au "Startup apps". Hapo utaona jina la kila programu, mtengenezaji wake, na kadirio la uzito inaoutia wakati wa kuwasha. Chagua usiyoihitaji, kisha ubonyeze "Disable". Hujaifuta, umeiambia tu isubiri kuitwa. Siku ukiitaka utaifungua kwa mkono wako kama kawaida. Matokeo utayaona utakapowasha chombo tena. Orodha hii iliwekwa hapo tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Kwa wenye Windows 7, ambao hapa Njoro wangalipo, bonyeza kibonye chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika msconfig, kisha uende penye "Startup". Sehemu jirani, ile ya huduma za mfumo, iache kama ilivyo.

Si kila mgeni wa kufukuzwa. Kinga ya virusi iache. Programu za sauti na za kipanyaguso, ambazo hubeba jina la mtengenezaji wa sehemu hizo, ziache pia, angaa hadi ujue kazi yake. Na kuna moja inayohitaji tahadhari ya pekee: ile inayonakili faili zako hadi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ni kweli kwamba inakula data. Lakini ikiwa ndiyo nakala pekee ya tasnifu yako nje ya kipakatalishi, ukiizuia umejiweka katika hali ya yule mwenzangu. Afadhali uizuie pale tu unapokuwa na desturi ya kunakili kazi yako kwingineko kila jioni. Pia, zipo programu ambazo hurejea katika orodha baada ya kusasishwa. Hizo hazina budi kufunguliwa zenyewe na kukatazwa katika mipangilio yake ya ndani.

Msomaji atakuwa ameona kuwa katika aya hizo mbili nimeyumba kidogo penye maneno. Hapo ndipo kiini cha hoja yangu. Tumetunga puku na baobonye, na mwanafunzi wa shule ya upili huyakariri kwa ajili ya mtihani. Lakini tunaziitaje programu hizi? "Programu za uanzishaji" ni tafsiri sahihi isiyosema kitu, maana yaweza kueleweka kuwa ndizo zinazoianzisha tarakilishi, hali ukweli ni kinyume: tarakilishi imeshaanza, zenyewe zinadandia tu. Mimi ningependekeza "programu dandizi", kutokana na kitenzi "dandia" ambacho kila abiria wa matatu ya Nakuru anakifahamu. Vivyo hivyo, baadhi ya watafsiri wa programu wametumia "lemaza" badala ya ile "Disable". Kitenzi hicho hakinipendezi. Kulemaza ni kumtia mtu ulemavu, jambo la kudumu na la kuumiza, na mtumiaji mwoga akiliona neno hilo hataligusa. "Zuia" lingemweleza ukweli. Upungufu huu nimeugundua kwa kujaribu kuandika maelekezo yenyewe. Orodha ya istilahi isingenionyesha.

Tusisahau kwamba kazi imewahi kufanywa. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatoa kiolesura cha Kiswahili kwa Windows XP. Zilistahili sifa. Hata hivyo, menyu si maelezo. Mtu anaweza kuviona vibonye vyote katika lugha yake na bado asijue abonyeze kipi, lini, na kwa sababu gani. Maelezo ni nathari, na nathari ni kazi yetu sisi.

Najua nitajibiwa kuwa mwanachuo anakijua Kiingereza, kwa hivyo atajisomea. Mwanachuo labda. Je, karani wa duka la pembejeo kule Bahati? Je, mwalimu wa shule ya msingi Elburgon aliyepewa tarakilishi ya kutayarishia alama? Je, yule fundi wa mjini? Nakuru ina Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo, Wakisii na wengine wengi, na mezani pa fundi wote hukutana kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, na hadhi hiyo hadi leo haijafika kwenye meza hiyo.

Kwa hivyo napendekeza jarida hili litenge ukurasa mmoja katika kila toleo kwa ajili ya maelekezo ya jambo moja tu la tarakilishi au rununu, yaandikwe na wanafunzi na kuhaririwa na wahadhiri kwa ukali uleule wanaoutumia kwa tahakiki za riwaya. Kabla ya kuchapishwa, apewe mtu ambaye hajawahi kulifanya jambo hilo, aketishwe mbele ya chombo, na mwandishi asimame nyuma yake bila kutamka neno. Pale msomaji atakaposita ndipo sentensi irekebishwe. Ukurasa wa kwanza uwe wa programu dandizi. Rasimu ninayo, na fundi mmoja wa mjini amekubali kuwa msomaji wa majaribio, mradi tumlipie nauli na chai.